Barua Hazimo Katika Programu

Aghalabu ya watu wanaoniletea kompyuta zao niwahamishie barua-pepe huja na dhana moja, nayo ni kwamba barua zao zimo ndani ya programu wanayozisomea, kama maji yalivyo mtungini, na kwa hivyo programu ikisha kuwekwa katika kompyuta mpya, barua nazo zitakuwa zimewasili. Kwa niliyoyashuhudia katika kazi hii, dhana hiyo imepoteza barua nyingi kuliko virusi, na kuliko diski zilizokufa. Programu ni mlango tu wa kuingilia; barua zina makazi yake mbali, na anayetaka kuzihamisha hana budi kuyajua makazi hayo kabla hajagusa kitu.

Bwana mmoja mtu mzima, mwenye afisi ya uwakala wa forodha mjini Mombasa, alinunua kompyuta mpya, na kijana aliyemwuzia akamsakinishia programu ya Thunderbird, akamwandikia anwani yake na nywila, kisha ile kuukuu akaifuta yote ili apewe mjukuu aliye skuli. Nilipoitwa, nilikuta kikasha kina barua za siku 14 tu, na upande wa zilizopelekwa hamna kitu.

“Mwanangu,” akaniuliza, “na zile hati za shehena nilizokuwa nikiandikiana na wenye meli?”

“Mzee wangu, zilikuwa katika kompyuta ile peke yake.”

Alinyamaza kitambo kirefu, kwani alikuwa na madai mawili ambayo ushahidi wake wote ulikuwa katika barua hizo.

Siku 14 hazikuwa za sadfa. Akaunti yake ilifuata utaratibu wa POP, ambao huzitoa barua katika seva na kuzishusha katika kompyuta, na Thunderbird, isipoamriwa vingine, huziacha nakala zake katika seva kwa muda wa siku 14, kisha huzifuta. Ama barua ambazo mwenyewe amezipeleka, hizo husalia katika kompyuta yake tu. Kinyume cha huo ni utaratibu wa IMAP, uliobuniwa na Mark Crispin katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1986, ambamo makazi ya barua ni seva yenyewe. Mwenye IMAP akihama huandika anwani na nywila, akasubiri barua zishuke upya, isipokuwa zile alizoziweka kwa hiari yake katika Local Folders, ambazo seva haina habari nazo hata kidogo.

Thunderbird, ambayo Mozilla walitoa toleo lake la 1.0 mwezi wa Disemba 2004, huweka kila kilicho cha mtumiaji, yaani barua, anwani za marafiki, nywila na mipango yote ya akaunti, katika folda moja iitwayo profaili. Katika Windows folda hiyo imo ndani ya AppData, kisha Roaming, kisha Thunderbird, kisha Profiles, na kwa kuwa AppData hufichwa isionekane, wengi hutumia kompyuta miaka kumi wasiione hata siku moja. Jina lake huanza kwa herufi na tarakimu nane zisizo na maana yoyote.

Ukiifungua na kuingia katika folda ya Mail, kisha katika folda ya akaunti iliyo ndani yake, utakuta faili mbili zinazofanana majina: Inbox, isiyo na kiambishi mwishoni wala picha inayofahamika, na Inbox.msf. Ya kwanza, ambayo huenda ikawa na uzito wa megabaiti mamia, ndiyo barua zenyewe, zimeandikwa moja chini ya nyingine kwa maandishi matupu, kila moja ikitanguliwa na mstari unaoanza kwa neno From, kwa mtindo wa kale wa Unix uitwao mbox. Hata ukiifungua kwa Notepad utaweza kuzisoma. Ya pili ni faharasa tu, ambayo ikipotea programu huijenga upya. Nimemwona fundi akiinakili ile faharasa kwa uangalifu na kuiacha Inbox, kwa kuwa aliidhania ni faili iliyoharibika!

Kwa hivyo funga programu kabisa, maana faili inayoandikwa haifai kunakiliwa, kisha uichukue profaili nzima bila ya kuchagua humu wala mle. Faili logins.json ina nywila zilizofumbwa, na ufunguo wake ni key4.db, moja bila ya mwenzake haina faida. Flashi iliyopangwa kwa FAT32 haipokei faili inayozidi gigabaiti 4, na kikasha cha miaka mingi huweza kupita hapo, basi ipange kwanza kwa exFAT. Katika kompyuta mpya weka toleo lile lile au jipya zaidi, kwani toleo la zamani hukataa kufungua profaili iliyokwisha kutumiwa na jipya. Tangu toleo la 102, la mwaka 2022, programu yenyewe ina njia ya kuitoa profaili ikiwa faili moja ya zip, na ni njia nyepesi, walakini haikubali profaili inayozidi gigabaiti 2, ilhali wenye barua nyingi ndio wenye haja kubwa.

Flashi hiyo sasa imebeba siri za mtu na za wale wote waliomwandikia, na yeyote atakayeiokota ataweza kuzisoma barua, na iwapo mwenyewe hakuweka nywila kuu, ataweza kuzifungua na nywila pia. Mimi huishika kama amana, siiachi mezani wala siiazimi, na kazi ikisha huifuta mbele ya mwenyewe. Ama kompyuta ya zamani, hiyo siifuti, hata nikiharakishwa namna gani, mpaka mwenye barua aketi mbele ya ile mpya, atafute barua ya kale kabisa anayoikumbuka, na kiambatisho chake kifunguke.