Fahamu: Vichaka vya pwani ya Mtwara si pori tupu

Ukitoka Mtwara mjini kwenda Msimbati, ukishaipita mikorosho na minazi utaona vichaka vifupi vilivyosongamana. Wengi huviona kama shamba linalosubiri panga. Kumbe ni makazi ya viumbe.

Vinalindwa?
Baadhi vimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Eneo lake ni takribani kilomita za mraba 650, na karibu theluthi moja ni nchi kavu.

Nani anaishi humo?
Chini ya majani makavu, sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, hufukua wadudu; akishtuka, hutimka. Usiku komba hulia matawini. Udongo ukianza kuwa wa chumvi, vichaka huipisha mikoko, wanamokulia kamba na kaa wachanga.

Tishio ni nini?
Ufyekaji wa mashamba, mkaa na moto. Panapoungua kila mwaka, machipukizi hufa na nyasi hutawala. Kivuli kikitoweka, sange hana pa kujificha.