Kutoka -ka- hadi -nge-: Kuhoji Madai kuhusu Kima cha Chini cha Mshahara na Ukosefu wa Ajira kwa Vijana

Katika mijadala ya uchumi kwa Kiswahili, hoja kuhusu kima cha chini cha mshahara aghalabu husimuliwa badala ya kuthibitishwa: serikali ilipandisha mshahara, waajiri wakapunguza wafanyakazi, vijana wakabaki mitaani. Kiambishi -ka- hapa kinafanya kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Kisarufi kinaonyesha mfuatano wa matendo, lakini masikioni mwa msikilizaji mfuatano huo hugeuka kwa wepesi kuwa sababu na matokeo. Makala haya yanashikilia kwamba dai la aina hiyo lipimwe kwa -nge-: kama mshahara usingepanda, ajira zingekuwa ngapi? (Wanasarufi hutofautiana kuhusu mpaka wa -nge- na -ngali-, tofauti hiyo haiathiri hoja iliyopo.)

Swali hilo ni gumu kwa sababu hali ya -nge- haikutokea, wala haiwezi kuhesabiwa. Kinachohitajika ni kitu cha kusimama badala yake. Mfano mashuhuri unatoka Marekani. Tarehe 1 Aprili 1992 jimbo la New Jersey lilipandisha kima cha chini kutoka dola 4.25 hadi dola 5.05 kwa saa, ilhali jimbo jirani la Pennsylvania lilibaki na dola 4.25. David Card na Alan Krueger walikusanya takwimu za mikahawa 410 ya vyakula vya haraka katika majimbo hayo mawili, kabla na baada ya badiliko hilo, wakachapisha matokeo mwaka 1994. Katika New Jersey wastani wa wafanyakazi kwa kila mkahawa, wale wa muda usio kamili wakihesabiwa nusu, ulitoka 20.44 hadi 21.03. Katika Pennsylvania ulishuka kutoka 23.33 hadi 21.17.

Msomaji wa haraka atasema kwamba mshahara ulipanda, ajira zikaongezeka. Hiyo nayo ni -ka- tupu, ila imegeuzwa upande. Ongezeko la New Jersey lenyewe ni dogo. Uzito wa hoja umo Pennsylvania, ambako ajira zilipungua pasipo nyongeza yoyote ya mshahara. Anayekubali matokeo haya amekwisha kukubali kwamba Pennsylvania ni kivuli halali cha New Jersey, yaani bila nyongeza New Jersey nayo ingeshuka vivyo hivyo. Hapo ndipo pa kuhoji kwanza. David Neumark na William Wascher walihoji pengine, yaani ubora wa takwimu zenyewe, zilizokusanywa zaidi kwa simu. Wakitumia kumbukumbu za malipo ya mishahara, walihitimisha mwaka 2000 kwamba ajira zilipungua. Card na Krueger walijibu mwaka huohuo kwa takwimu za serikali ambazo hazikuonyesha upungufu wa maana.

Lipo pia tatizo la istilahi, na hapa wanaisimu wana la kusema. Utafiti huo ulihesabu ajira mikahawani. Haukupima ukosefu wa ajira wa vijana. Katika takwimu rasmi za Marekani, asiye na ajira ni yule asiye na kazi, aliye tayari kufanya kazi, na aliyeitafuta katika wiki 4 zilizopita. Kijana wa miaka 17 anayeacha kazi na kurudi shuleni hahesabiwi. Mwenzake aliyevutiwa na mshahara mpya, akaanza kutafuta kazi asiipate, anahesabiwa. Kiwango cha ukosefu wa ajira chaweza basi kupanda bila kazi hata moja kupotea. Neno "ukosefu" hulifunika jambo hili, kwani halidai kwamba aliyekosa alitafuta.

Kuyahamishia matokeo ya New Jersey Afrika Mashariki kunahitaji tahadhari zaidi. Nchini Uganda kima kilichowekwa mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi. Mswada wa kuweka utaratibu mpya ulipitishwa na Bunge mwaka 2019, lakini Rais hakuutia saini. Kima kilichomomonyolewa na mfumuko wa bei kiasi hicho hakimbani mwajiri, hivyo hakiwezi kulaumiwa kwa vijana waliokosa kazi wala kusifiwa kwa waliopata. Isitoshe, kijana wa Kampala anayebeba mizigo sokoni au anayeendesha bodaboda yake mwenyewe hana mwajiri wa kuagizwa na sheria. Swali lake la -nge- ni jingine: kama kazi za mshahara zingepungua, wengi zaidi wangeingia katika shughuli kama zake, na takwimu zingewaandika kuwa wana kazi.