Fountains, Nyumba ya Watawa Penye Chemchemi

Wasikilizaji wetu, na ninyi mnaosoma mazungumzo haya kitabuni, leo twapenda kuwapeleka kaskazini ya Uingereza, katika jimbo la Yorkshire, kwenye bonde jembamba la mto Skell. Humo yamesimama magofu ya nyumba ya watawa iitwayo Fountains, maana yake chemchemi.

Zamani palikuwa pori tupu. Mwaka 1132 watawa 13 waliitoka nyumba yao mjini York, kwa kuwa waliona maisha ya huko yamekuwa ya raha kupita kiasi, nao walitaka kuifuata sawasawa kanuni ya Mtakatifu Benedikto. (Kanuni hiyo ndiyo waliyokuja nayo watawa waliojenga Peramiho na Ndanda.) Askofu Mkuu Thurstan akawapa bonde hili. Ilikuwa majira ya baridi kali na hawakuwa na hata kibanda. Yasimuliwa ya kuwa walijisitiri chini ya mti mmoja mkubwa, na njaa ilipowazidi wakachemsha majani yake, wakala. Wakapokewa katika chama cha Wasistersiani, kilichoanza Ufaransa mwaka 1098. Lakini shida haikuisha, hata wakawa karibu kuhama. Ndipo Hugh, mkuu wa mapadre wa kanisa kuu la York, alipojiunga nao, akaja na mali na vitabu.

Mwaka 1147 pakatokea msiba mwingine. Abati wao, Henry Murdac, alikuwa amempinga Askofu Mkuu mpya wa York, na wafuasi wa huyo askofu wakaja kwa hasira wakaichoma nyumba. Watawa wakajenga upya, tena kwa mawe.

Na tuingie tuone. Bonde lenyewe ni finyu, basi mafundi walijenga matao ya mawe juu ya mto, na baadhi ya nyumba zikasimama juu yake. Vyoo navyo viliwekwa penye maji yapitayo, yakachukua uchafu wote. Akili hiyo yatustaajabisha kuliko mapambo. Jengo la magharibi lina urefu wa futi 300 hivi. Chini yake nguzo fupi zafuatana katikati, na kila moja yatoa mbavu za mawe zinazotanda kama makuti ya mnazi na kubeba dari. Hapa palikuwa na ghala na chumba cha kulia cha mabradha, na juu yake walilala. Hawa mabradha hawakuwa watawa wa kuimba sala mchana na usiku. Wao walilima, walichonga mawe na kuchunga kondoo katika mashamba ya mbali. Kwa maoni yetu, pasipo mikono yao nyumba hii isingalisimama.

Kondoo ndio walioleta utajiri. Sufu iliuzwa kwa wafanya biashara wa Italia, na watawa wakazoea kupokea fedha za sufu ya miaka ya mbele. Kondoo walipougua, sufu ikapungua, deni likabaki. Hata hivyo nyumba ilipona, na mwisho ikawa tajiri kuliko zote za Wasistersiani katika Uingereza. Kanuni za kale za chama zilikataza minara mikubwa ya mawe. Lakini Abati Marmaduke Huby, aliyetawala tangu mwaka 1495 hata 1526, alijenga mnara upitao futi 150, nao wasimama mpaka leo. Wale 13 wa chini ya mti wangaliuona, sijui wangalisema nini!

Mfalme Henry wa Nane alipovunja nyumba za watawa, zamu ya Fountains ilifika Novemba 1539. Abati na watawa wakaitoa nyumba mikononi mwa Mfalme, wakapewa malipo ya uzeeni, wakatawanyika. Mwaka uliofuata Richard Gresham, tajiri wa London, akainunua. Risasi ya mapaa ikabanduliwa na kuyeyushwa, vioo vikaondolewa, mvua ikaingia kanisani. Baadaye baadhi ya mawe yalichukuliwa kujengea nyumba ya bwana mmoja, iliyo karibu na lango. Kinu cha maji hakikubomolewa, maana watu walikihitaji: kilijengwa na watawa katika karne ya 12, nacho kiliendelea kusaga nafaka hata mwaka 1927.