Akiba ya nyumba Goma huanzia kwenye bidoni

Mashauri mengi ya kujiandaa kwa janga la maradhi yameandikwa na watu ambao bomba lao halikauki. Katika miaka ya 2000, dunia ilipokuwa na hofu ya mafua ya ndege, serikali ya Marekani iliwaambia raia wake waweke ndani chakula na maji ya wiki mbili. Machi 2020, Covid ilipotapakaa Ulaya, watu wa huko walimaliza karatasi za chooni madukani. Mashauri ya namna hiyo hufika hadi kwenye simu zetu. Mama mwenye watoto watano katika nyumba ya mbao ya vyumba viwili, huko Majengo au Ndosho mjini Goma, huyasoma na kuona kwamba hayamhusu, kwa sababu unga anaonunua jioni ni wa jioni hiyohiyo.

Yanamhusu, ila inabidi yapangwe upya. Katika miaka thelathini mji huu umepitia kipindupindu, Ebola, Covid na mpox, na juu yake milipuko miwili ya volkano ya Nyiragongo pamoja na vita. Katika misukosuko hiyo, kitu kilichowaumiza watu wengi zaidi kwa haraka zaidi kilikuwa maji. Barabara nazo zikafungwa, soko likapanda, fedha zikaadimika, lakini mwenye njaa huvumilia siku kadhaa. Mtoto anayeharisha bila maji safi hana siku hizo.

Julai 1994 wakimbizi laki kadhaa kutoka Rwanda waliingia Goma ndani ya siku chache. Ardhi hapa ni lava tupu: kuchimba kisima ni shida, kuchimba choo ni shida, hata kaburi. Likabaki ziwa lililo kando ya mji, na watu wakanywa ziwa. Watafiti waliohesabu vifo baadaye walikadiria kwamba wakimbizi wapatao 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, na lava ikaharibu tangi na mabomba. Watu karibu nusu milioni wakakosa maji. Januari 2025, waasi wa M23 walipokuwa wanaingia mjini, umeme ulikatika, pampu zikasimama, na familia zikarudi ziwani na bidoni za njano. Miaka tofauti, sababu tofauti, na kila mara foleni ileile ufukweni.

Kwa hiyo akiba ya kwanza ya nyumba ya Goma ni maji, na hesabu yake si ngumu. Kipimo kinachotumiwa na mashirika ya misaada ni lita 15 kwa mtu kwa siku, kunywa, kupika na kuoga vikiwemo. Mambo yakibana kabisa, mtu anaweza kuishi kwa lita 7 na nusu. Familia ya watu sita inahitaji basi lita 45 kwa siku ya dhiki, yaani bidoni mbili za lita 20 na robo. Kwa siku tatu ni bidoni saba. Najua bidoni saba zinachukua nafasi katika nyumba ndogo, na najua kwamba mpangaji hawezi kujaza ua wa mwenye nyumba. Hata hivyo bidoni hununuliwa moja moja, hupangwa chini ya kitanda, na haziozi. Anayeanza na mbili tayari amejipatia karibu siku moja ya kutokimbilia ziwani wakati risasi zinalia.

Bidoni ina sifa moja ambayo ndoo na sufuria hazina: mdomo wake ni mwembamba. Mikono na vikombe haviingii, na hapo ndipo maji yaliyotoka safi kwenye robine huchafukia nyumbani. Ioshe kwa sabuni na changarawe kidogo, itikise vizuri, isuuze, ijaze, ifunge. Badilisha maji kila wiki. Yale ya zamani yafulie nguo.

Akiba nyepesi kuliko maji yenyewe ni tembe za klorini. Tembe moja ya miligramu 67 hutibu lita 20 za maji maangavu, na inahitaji nusu saa kufanya kazi. Tembe 30 ni lita 600, na zote hukaa mfukoni mwa koti. Maji yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kitambaa kisafi kilichokunjwa mara kadhaa, au yaache yatulie kisha uyamimine polepole, kwa kuwa klorini huishia kwenye uchafu kabla ya kufikia vijidudu. Kuchemsha pia kunafaa, na dakika moja ya kutokota inatosha. Lakini makala ya kuchemshia bidoni nzima yana bei yake, na pale barabara za kutoka Masisi na Rutshuru zinapokatika, bei hiyo hupanda upesi.

Hapa niseme neno kuhusu maji ya mvua, maana watu wengi wa Goma huyategemea. Mvua inayopita katika moshi wa Nyiragongo hushuka na asidi na floridi. Floridi nyingi huharibu meno ya watoto yangali yanaota, na ikizidi miaka mingi huathiri mifupa. Klorini haiiondoi. Kuchemsha hakuiondoi. Mvua ya dakika za mwanzo, inayoosha bati, imwagwe, na mlima ukiwa unatoa moshi mwingi au majivu, maji ya bati yabaki ya kufulia na kusafishia.

Baada ya maji, sabuni. Virusi vya Ebola, vya Covid na vya mpox vyote vimefunikwa kwa utando wa mafuta, na sabuni huyeyusha utando huo. Mche wa sabuni ya kawaida unaouzwa Birere au soko la Virunga unafanya kazi hiyo sawasawa na chupa ya bei kubwa. Kama fedha ni za kitu kimoja tu baada ya tembe za klorini, ningeziweka kwenye miche ya sabuni, ambayo hukaa miezi na miezi na kupungua kwa ukubwa tu.

Javeli ni jambo lingine, na hapa makosa ni mengi. Nguvu yake hutofautiana kutoka chupa hadi chupa, kwa hiyo soma asilimia iliyoandikwa kabla ya kupima. Yenye asilimia 5, sehemu moja ya javeli kwa sehemu tisa za maji ni ya kusafishia sakafu na vyombo vya mgonjwa. Sehemu moja kwa tisini na tisa ni ya kunawa mikono. Mchanganyiko huo utengenezwe kila siku, kwa sababu wa jana umeshapungua nguvu. Chupa yenyewe huharibiwa na jua na joto, basi iwekwe mahali pa giza, mbali na watoto, na isinunuliwe ya mwaka mzima. Usiichanganye kamwe na siki wala na dawa nyingine ya choo: hutoa hewa inayochoma mapafu.

Pakiti za SRO, zile chumvi za kurudisha maji mwilini, ndizo dawa ambayo ningependa kuiona katika kila nyumba ya mji huu. Kipindupindu kinaweza kumuua mtu mzima mwenye afya ndani ya saa chache, na kinachoua ni kukauka. Pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, mgonjwa anywe kidogo kidogo bila kuacha, hata akitapika, huku akipelekwa kwenye kituo cha afya. Pakiti zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Pima kwa uangalifu. Chumvi ikizidi inamdhuru mtoto. Pakiti kumi zinatosha kuanza nazo, pamoja na tembe za zinki kwa watoto, na bei yake haizidi uwezo wa watu wanaochangishana kwenye likirimba. Nimeona vikundi vya akina mama wakitumia zamu ya mchango wao kununua boksi zima kwenye farmasi na kugawana. Ningependa mtindo huo uenee, maana boksi moja ni rahisi kulibeba kwa nyumba kumi kuliko kwa moja.

Chakula nitakipitia haraka, kwa kuwa kila mama wa Goma anajua kuliko mimi. Maharage, unga wa muhogo, mchele, chumvi, mafuta, sambaza zilizokaushwa vizuri. Yako mambo mawili tu ambayo husahauliwa. Maharage yakikaa miezi mingi huwa magumu na kuiva polepole, na hapo yanakula makala kuliko bei yake. Yaloweke usiku kucha, na tumia ya zamani kwanza. Unga ukipata unyevu huota ukungu, na ukungu wa nafaka, hasa mahindi, unaweza kutoa sumu ya ini ambayo moto wa jikoni hauimalizi. Unga unaonuka ukungu utupwe, hata kama moyo unauma.

Tununue kiasi gani? Februari 2024, mapigano karibu na Sake yalipoikata barabara ya Masisi, bei ya vyakula na makala ilipanda Goma kwa sababu mzigo haukufika. Siku kama hizo, kila mwenye dola akikimbia kuchukua magunia mawili, asiye nazo hupata kopo lililopunguzwa kwa bei iliyoongezwa. Akiba ya haki hujengwa wakati soko limetulia, kopo moja la ziada kwa wiki. Anayeanza siku ya hofu anamnyang'anya jirani, na maradhi ya kuambukiza hayaishii kwenye ukuta wa jirani.

Iko sababu nyingine ya kiafya ya kuwa na chakula ndani. Ebola iliyoanza kutangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018 ilifika Goma Julai 2019, ikiletwa na mchungaji aliyesafiri kwa basi kutoka Butembo. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura ya kimataifa. Hadi ilipokwisha Juni 2020 ilikuwa imewashika watu 3,470 na kuua 2,287. Kila aliyegusana na mgonjwa alifuatiliwa siku 21, ndio muda mrefu ambao virusi huweza kukaa mwilini kabla ya kuonyesha dalili. Sasa mchuuzi anayekula kwa mauzo ya leo atakaaje nyumbani siku 21? Wakati ule Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliwapelekea waliokuwa wakifuatiliwa chakula, na hilo liliokoa maisha kama chanjo ilivyookoa. Ninashikilia kwamba siku tatu hadi wiki moja ni kazi ya familia, na wiki zinazobaki ni kazi ya serikali na washirika wake. Kumwambia muuza ndizi wa Birere aweke akiba ya siku 21 ni kumtwisha mzigo usio wake.

Tena akiba ya Ebola si ya kumtibu mgonjwa nyumbani. Glavu za dukani hazimlindi mtu asiyefunzwa kuzivua. Mwenye homa, kutapika au kutoka damu wakati wa mlipuko atengwe kwa upole, na timu ya afya iitwe. Kwa hiyo vitengo vya simu na betri iliyojaa ni sehemu ya akiba. Kwa mpox, iliyotangazwa dharura ya kimataifa tarehe 14 Agosti 2024 na ambayo iliingia hadi kwenye kambi za waliohama vita pembezoni mwa mji, kinachohitajika ni shuka la ziada: mgonjwa awe na matandiko yake, yafuliwe peke yake kwa sabuni, yaanikwe juani.

Fedha nazo zimetufunza. Machi 2020 Rwanda ilifunga mipaka, na wachuuzi waliozoea kuvuka kila siku kati ya Goma na Gisenyi wakakosa riziki ghafla, ingawa malori ya mizigo yaliendelea kupita. Mwaka 2025 benki za Goma zilifungwa, na mwenye akiba ya benki akawa sawa na asiyenayo. Noti ndogondogo za faranga ndani ya nyumba, na kiasi kidogo kwenye simu, ni bora kuliko noti moja kubwa ya dola ambayo hakuna anayeweza kuirudishia chenji.

Mwisho ni jambo ambalo orodha za nchi nyingine hazina. Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya mlipuko, amri ilitolewa ya kuhama sehemu ya mji, na watu wakatoka kuelekea Sake, Minova, Rutshuru na ng'ambo ya Rwanda. Waliobahatika walikuwa na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Bidoni zilizojaa hazikubebeka. Kwa hiyo gawa akiba yako mara mbili: ile ya kukaa nayo, na mfuko mmoja wa kuondoka nao. Katika mfuko weka tembe za klorini, miche miwili ya sabuni, pakiti za SRO, simu na waya wake, vyeti, na bidoni moja tupu inayokunjika au ya lita 5. Mwenye presha, sukari, kifafa au anayemeza dawa za virusi vya ukimwi amwombe muuguzi wake ampe dawa za miezi kadhaa kwa mara moja, pale kituo kinaporuhusu, na jina la dawa na kipimo chake viandikwe kwenye karatasi ndani ya mfuko huohuo, ili muuguzi wa Minova asiyemjua aweze kumwendelezea matibabu siku hiyohiyo.