CHUBWI LA MSHIPI

Wahenga walisema usidharau kiselema, chalima kikapita jembe zima. Leo nataka kueleza juu ya chubwi, kile kizito kinachofungwa kwenye mshipi wa kuvulia samaki. Mimi ni mwana wa Pwani na ami yangu ni mvuvi wa mshipi, kwa hivyo haya ninayoyaandika nimeyaona.

Kazi ya chubwi ni kupeleka chambo chini. Changu na tewa hukaa karibu na mwamba. Mshipi usio na chubwi huchukuliwa na mkondo, nawe utarudi nyumbani mikono mitupu.

Je, chubwi liwe na uzito gani? Hutegemea maji. Wakati wa maji mafu mkondo ni mpole, jepesi latosha. Wakati wa bamvua, ambapo hapa Mombasa tofauti ya maji kupwa na kujaa yaweza kupita mita 3, mkondo huenda mbio na chubwi dogo halitulii. Ami huniambia, "Mwanangu, chagua jepesi kabisa linaloweza kufika chini na kukaa." Likizidi uzito, hutasikia samaki akidonoa.

Sasa tuje kwenye kufunga, maana hapa ndipo wengi hupata hasara. Usilifunge chubwi kwa mshipi wenyewe. Mwisho wa mshipi piga kitanzi, kisha lining'inize chubwi hapo kwa uzi mwembamba ulio dhaifu kuliko mshipi. Ndoana ifunge juu ya kitanzi hicho, kwa kipande kifupi cha uzi, kama shubiri mbili kutoka kwenye chubwi. Kabla ya kukaza fundo la nailoni lilowanishe, kwani likikazwa kavu hupata joto na kupungua nguvu. Chubwi likinasa kwenye mwamba, vuta kwa nguvu. Ule uzi dhaifu utakatika, na ndoana na mshipi vitarudi, pengine na samaki juu yake.

Basi hebu fikirini: ikiwa chubwi ni la kupotea, kwa nini tulitengeneze kwa risasi? Vijana wengine hupasua betri kuukuu za gari na kuyeyusha risasi jikoni. Jamani, hiyo ni sumu! Huharibu ubongo, hasa wa watoto wadogo. Mwaka wa 2020 mahakama ya Mombasa iliamua wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru walipwe shilingi bilioni 1.3 kwa madhara ya sumu hiyo hiyo, iliyotoka katika kiwanda cha kuyeyushia betri. Nasi twaileta wenyewe kwenye meko ya mama!

Mtaniambia risasi ni nzito. Ni kweli, lakini tupige hesabu kama tunavyofundishwa katika fizikia. Kitu kikizama, hupungukiwa na uzito sawa na wa maji kilichoyasukuma. Jiwe la gramu 250 hupoteza kama gramu 100, likabaki na 150. Tena ni kubwa, mkondo hulisukuma. Risasi ya gramu 250 hupoteza kama 22 tu, ikabaki na 228. Je, chuma? Hupoteza kama 32, kikabaki na 218! Tofauti ya chuma na risasi ni gramu 10 hivi. Nani atauza afya ya ndugu yake kwa gramu 10?

Kwa hivyo nendeni gereji mkaombe nati na bolti zilizotupwa. Zina tundu au shingo ya kufungia, hazihitaji moto, na zikibaki baharini huliwa na kutu.