Mwalimu Mgeni wa Mkomani

Ukivuka daraja la Nyali kutoka kisiwani, ukashika njia ya Mkomani mpaka karibu na maji, utajikuta unatazamana na Mji wa Kale wa Mombasa. Upande huo wa bara pana mnara wa kumbukumbu, na pana kaburi. Watoto wengi hupapita wakienda pwani kucheza, wasijue ni nani aliyezikwa pale. Basi sogeeni, wajukuu zangu, niwaeleze. Kisa hiki kina huzuni, kina mikasa ya ajabu, na ndani yake wamo watu wa Mombasa ambao sitaki wasahaulike.

Aliyelala hapo ni mama mmoja aitwaye Rosine, pamoja na mwanawe mchanga. Mumewe alikuwa Johann Ludwig Krapf, aliyezaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Derendingen huko Ujerumani. Chama cha wamisionari cha Kanisa la Uingereza ndicho kilichomtuma kufundisha dini. Kwanza alikaa Uhabeshi miaka kadhaa, na njia ya huko ilipofungwa akaja kwetu kwa bahari. Alifika Unguja mwezi wa Januari 1844. Sayyid Said, aliyetawala pwani hii wakati huo, akampa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake, na mwaka uleule Krapf na mkewe wakahamia Mombasa.

Hebu wazieni hali yake. Ni mtu mzima, msomi wa lugha nyingi, amekuja kufundisha, lakini sokoni watu wanaongea na yeye hafahamu neno. Alijua Kiarabu, na hicho ndicho kilichomsitiri siku za mwanzo, maana masheikh na wafanyabiashara wa mji walikijua. Lakini akina mama kisimani, wavuvi na watoto walisema Kiswahili, na kamusi ya kumsaidia mgeni haikuwapo. Kiswahili chenyewe kilikuwa kimeandikwa kwa karne nyingi kwa herufi za Kiarabu, tena mashairi yake yalikuwa ya watu waliobobea. Kwa hiyo Krapf akakaa kitako mbele ya mwalimu. Huyo alikuwa Ali bin Muhidini, mtu wa Barawa, kadhi wa Mombasa.

Hapa nataka mtulie kidogo. Kadhi ni Mwislamu, hakimu wa sheria ya dini yake. Krapf ni Mkristo aliyekuja kuwavuta watu kwenye dini nyingine, wala hakulificha hilo. Hata hivyo, mwezi wa Juni 1844 wawili hawa walianza pamoja kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Kwangu mimi huo ni ukarimu mkubwa, na sidhani kadhi amepewa heshima inayomstahili. Krapf alichagua kuandika kwa herufi za Kilatini, hizihizi mnazozisoma sasa. Mwaka 1847 sura za mwanzo za kazi hiyo zikachapishwa Marekani.

Lakini furaha ya kazi ile haikudumu. Julai 1844, mwezi mmoja tu baada ya kuanza, homa iliingia nyumbani mwa Krapf. Rosine alikuwa ametoka kujifungua mtoto wa kike. Krapf mwenyewe alikuwa taabani kitandani, hana nguvu za kumwangalia mkewe. Tarehe 13 Rosine akafa, na baada ya siku chache kitoto nacho kikamfuata mama yake. Wakazikwa upande wa bara, ndilo hilo kaburi la Mkomani. Ugonjwa ulikuwa malaria. Wakati ule watu walidhani inaletwa na hewa mbaya ya mabwawa, kwa hiyo hakuna aliyemshuku mbu. Ilipita zaidi ya miaka 50 ndipo daktari Ronald Ross, akiwa India mwaka 1897, alipoviona vijidudu vya malaria ndani ya mbu. Mkilala chini ya chandarua mkumbuke kwamba Rosine hakupata hata wa kumwambia akiweke.

Krapf angeweza kurudi kwao, lakini hakurudi. Mwaka 1846 alikuja mwenzake, Johannes Rebmann, na wote wawili wakaamua kuhamia Rabai, kwenye vilima vyenye hewa nzuri kuliko mjini. Wazee wa kaya waliwakubalia kukaa. Siku ya kuhama, mwezi wa Agosti, wote wawili walikuwa na homa na punda walikuwa naye mmoja. Basi wakawa wanapokezana, huyu apande, huyu ajikokote kwa miguu juani, hadi juu ya kilima. Huko wakajenga nyumba kwa mikono yao, watu wa kalamu waliokuwa hawajazoea jembe wala udongo.

Na wanafunzi je? Wachache mno, na hilo lilimuumiza Krapf kuliko homa. Mmoja aliyemsikiliza kwa moyo alikuwa Mringe, mtu mwenye ulemavu wa mwili, aliyekuwa akija kuzungumza naye mpaka usiku. Abe Gunja alifuata baadaye. Kwa mtu aliyeota shule na makanisa kutoka bahari mpaka bahari, hao walikuwa haba, lakini aliendelea.

Rebmann naye alianza safari za bara akiongozwa na Bwana Kheri, mkuu wa misafara wa Mombasa aliyezijua njia zote. Silaha ya Rebmann ilikuwa mwavuli. Tarehe 11 Mei 1848 aliona juu ya mlima kitu cheupe kilichofanana na wingu. Bwana Kheri akamwambia ni baridi tu. Rebmann, aliyezaliwa kwenye nchi ya majira ya baridi, akatambua kuwa ni theluji: alikuwa anautazama Kilimanjaro. Alipoandika habari hiyo, bwana mmoja wa London aliyeitwa Cooley, mchoraji wa ramani ambaye hakuwahi kukanyaga huku, alimbishia miaka na miaka kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Krapf naye aliuona mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849 akiwa Ukambani, kwa mwenyeji wake Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui.

Mkasa mkubwa kuliko yote ulimpata Krapf mwaka 1851. Alikuwa safarini na Kivoi karibu na mto Tana pale majambazi walipowavamia. Kivoi akauawa. Krapf akakimbilia porini peke yake, na kiu ikamkaba mpaka akaufikia mto. Akanywa, akanywa tena. Lakini safari ya kurudi ni ndefu, na hana kibuyu wala chupa. Afanyeje? Akautoa mfuko wa ngozi wa darubini yake, akaujaza maji. Akaigeuza bunduki, akaijaza maji mitutu yake miwili, akaziba midomo kwa nyasi na vitambaa alivyovikata kwenye suruali yake. Akawa anatembea usiku na kujificha mchana. Miiba ikachomoa nyasi za mtutu mmoja, maji yakamwagika. Ya mtutu wa pili yalinuka baruti, lakini aliyanywa kwa furaha.

Afya ilimshinda, akarudi Ujerumani mwaka 1853. Alifariki 1881, na mwaka uliofuata kamusi yake kubwa ya Kiswahili ikachapishwa London, imejaa maneno aliyoyaokota Mombasa na Rabai. Rebmann alibaki karibu miaka 30 bila kwenda kwao, akapofuka. Aliporudi Ujerumani mwaka 1875, aliyemshika mkono safari nzima alikuwa Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja.

Baada yao walikuja walimu wengine wageni, na hao nawapenda zaidi: Waafrika walionaswa utumwani wakiwa watoto, wakakombolewa baharini, wakasomeshwa Nasik huko India, kisha wakaletwa Rabai miaka ya 1860. William Jones alikuwa mmoja wao, mwalimu na mhunzi pia. Kwao hasa hawakukumbuka vizuri ni wapi, na Rabai ilibidi wajifunze desturi upya kama Krapf alivyojifunza.

Mkipata nafasi, pandeni matatu ya Mazeras, kisha mwende Rabai. Nyumba ya Krapf ingali imesimama, na pana makumbusho. Muulizeni mlinzi habari za Jones na za Nyondo, na mumuulize pia kama anamjua Kadhi Ali bin Muhidini. Akiwa hamjui, mwelezeni.