Mbwa wa Kongo na Daftari la Mfugaji

Katika misitu ya Kongo wako mbwa wadogo, wengi wao wa rangi nyekundu na nyeupe, ambao masikio yao husimama wima na mkia hujikunja juu ya kiuno. Tangu zamani wamewasaidia wawindaji kuwafukuza wanyama mpaka nyavuni. Hawabweki kama mbwa wengine. Sauti yao iko baina ya wimbo na kilio, na kwa kuwa huwinda kimya, wenyewe huwafunga njuga shingoni ili ijulikane walipo. Ng'ambo huitwa basenji, jina ambalo msemaji wa Kiswahili hatakawia kuutambua udugu wake na neno "washenzi". Wale waliopelekwa Uingereza mwaka 1895 walikufa kwa maradhi ya kuambukiza ya mbwa yaitwayo distempa. Wengine walifikishwa huko mwaka 1936, na hao ndio walioishi wakazaa. Siku hizi watoto wao huuzwa ghali Ulaya na Marekani, na masaibu yaliyowapata yanaonyesha vema kwa nini mnunuzi wa mtoto wa mbwa hana budi kumchunguza mfugaji kabla ya kumchunguza mbwa.

Mbwa wa ng'ambo walitokana na wazazi wachache sana. Kila kiumbe hubeba jeni kadhaa zenye kasoro ambazo hazimdhuru, kwa kuwa jeni nzima iliyotoka kwa mzazi wa pili hufanya kazi ya zote mbili. Lakini ndugu wanapozaliana kizazi baada ya kizazi, jeni mbovu ya aina moja hukutana na mwenziwe. Ndivyo ilivyotokea kwa basenji. Baadhi ya watoto walionekana wachovu, ufizi wao mweupe, na wengi wao walikufa kabla ya kutimiza miaka minne. Chembe nyekundu za damu yao zilikosa kimeng'enya kimoja kinachozipatia nguvu, zikavunjika mapema kuliko mwili ulivyoweza kuunda nyingine.

Hesabu ya jambo hili ni ile aliyoigundua Mendel katika njegere, nayo inafaa kufanywa ubaoni. Dume na jike wote wawili wakiwa wachukuzi, yaani wazima wenye jeni moja mbovu, kila mtoto ana nafasi 1 katika 4 ya kuwa mgonjwa. Basi uwezekano wa watoto wanne wa uzao mmoja kuwa wazima wote ni robo tatu ikizidishwa kwa yenyewe mara nne, yaani 81 kwa 256, karibu theluthi moja. Kwa hiyo mfugaji anaweza kusema kwa unyofu kabisa kwamba hajaona ugonjwa katika banda lake, na huku dume na jike wake wote wawili wanaubeba. Tena, katika kila watoto watatu wanaoonekana wazima katika uzao wa namna hiyo, wawili kwa wastani ni wachukuzi. Macho maangavu na manyoya laini hayamwambii mnunuzi lolote juu ya hayo.

Katika miaka ya 1970 wafugaji walianza kupima damu, kwani mchukuzi huwa na takribani nusu tu ya nguvu ya kimeng'enya hicho. Kazi hiyo ilifanywa kwa bidii kubwa; wachukuzi waliondolewa katika uzazi, na ugonjwa ukapungua sana. Lakini pamoja na jeni moja mbovu zilitupwa maelfu ya jeni njema, na ukoo uliokuwa mwembamba ukazidi kuwa mwembamba. Ndipo ulipojitokeza kwa nguvu ugonjwa wa pili, uitwao Fanconi kwa jina la daktari wa Uswisi. Figo hushindwa kurudisha mwilini sukari na madini, navyo hupotea katika mkojo. Mbwa hunywa maji mno na kukonda, na mtu akipima mkojo peke yake hudhani ni kisukari, ingawa sukari ya damu ni ya kawaida. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi huanza mbwa akiwa na umri wa miaka minne hadi saba, wakati amekwisha kuzaa.

Mwaka 1987, na tena 1988, wafugaji wa Kimarekani walisafiri hadi Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kutafuta damu mpya katika vijiji vya wawindaji. Mwaka 1990 mbwa hao waliingizwa katika daftari la nasaba la Marekani. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Missouri kilitoa kipimo cha Fanconi, kilichotegemea kwanza alama zilizo jirani na jeni yenyewe. Baadaye kilipatikana kipimo cha jeni hiyo hasa.

Kwa kipimo hicho mchukuzi hana haja ya kutupwa tena. Akipandishwa kwa asiyebeba jeni hiyo, hakuna mtoto atakayeugua. Mfugaji anayejigamba kwamba amewatupa wachukuzi wote anarudia kosa lile la zamani. Aliye bora ni yule anayeonyesha vyeti vya wazazi wote wawili na kueleza kwa nini aliwakutanisha.

Iko dalili nyingine iliyo rahisi. Jike wa basenji, tofauti na majike wengi wa mbwa wafugwao, hupata joto mara moja tu kwa mwaka, na katika nchi za kaskazini watoto wengi huzaliwa kuelekea mwisho wa mwaka. Muuzaji mwenye watoto wa kuuza miezi yote, tena mama yao haonekani, yafaa aulizwe wametoka wapi.

Mfugaji mwema naye huuliza. Hutaka habari za mbwa aliyemwuza hata baada ya miaka saba, maana daftari lake haliwezi kukamilika bila hizo. Mnunuzi akimwandikia katika mwaka wa sita kwamba mbwa anakunywa maji kupita kiasi, mfugaji hufungua ukurasa wa uzao ule na kuwapelekea habari wote waliochukua ndugu zake.